Kwadi imezama mtoni, imemeza maji hadi kwenye silinda. Naomba msaada kabla sijagusa stata tena

Jembe la Bonde · Jumapili, saa 12:10 jioni

Wakuu habari za jioni. Niko bonde la Kilombero, nalima mpunga. Nina pikipiki ya miguu minne, hizi kwadi, ya sisi (cc) 200, ya Kichina, injini ya kupozwa na upepo, gia tano na rivasi, nyuma mnyororo. Niliinunua ikiwa imetumika tayari, na kwa kweli ndiyo mkono wangu wa kulia shambani. Mbolea, mbegu, dawa, madumu ya dizeli ya pampu, vyote vinapanda kwenye keria yake. Njia ya kwenda shamba la juu pikipiki ya kawaida ikifika masika inalala.

Leo saa 9 alasiri kijana wangu alikuwa anavuka kijito tunachovuka siku zote. Juzi na jana imenyesha huko milimani, maji yamechimba katikati na hakujua. Gurudumu la mbele kushoto likadumbukia, kwadi ikalala upande, ikazama hadi usukani. Injini ilikuwa inaunguruma ikazimika ghafla. Tumeitoa kwa kamba na watu sita, ilikaa majini kama dakika 20.

Tatizo ni kwamba kabla sijafika alishapiga stata mara mbili. Anasema mara ya kwanza ilitoa mlio "ngk" ikagoma, ya pili vilevile. Nimechungulia kijiti cha oili, oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Ekzosi inachuruzika maji.

Fundi wa karibu yuko Ifakara na barabara leo haipitiki. Nina spana, nina taa, nina dizeli, nina oili lita mbili. Nifanye nini usiku huu?

Shangazi Mlimba · Jumapili, saa 12:18 jioni

Pole sana baba. Kwanza kijana mzima? Vijito hivyo mwezi huu vina mamba, na watu sita mmeingia majini kuvuta chuma. Chuma kitapatikana kingine.

Jembe la Bonde · Jumapili, saa 12:21 jioni

Shikamoo shangazi. Ni mzima, amechubuka goti tu, nimempeleka nyumbani akapumzike. Asante kwa kuuliza hilo kwanza.

Mzee wa Gia · Jumapili, saa 12:25 jioni

Mkuu hiyo ndogo sana. Tafuta vijana wanne, weka gia ya pili, sukumeni halafu achia klachi. Itakohoa itatema maji yenyewe. Boda yangu ilizama pale Jangwani, Dar, ikawaka hivyo hivyo.

FundiSpana · Jumapili, saa 12:31 jioni

Jembe la Bonde, tafadhali USISUKUME. Usipige stata, usisukume, usivute na trekta. Nimefungua injini za namna hii miaka mingi na zilizokufa karibu zote hazikuuliwa na maji, ziliuliwa na mtu aliyetaka kujua kama bado zinawaka.

Mzee wa Gia sikukosoi kwa ubaya kaka, boda yako ilikuwa na bahati maji hayakufika kwenye silinda. Sikilizeni hesabu hii. Injini ya sisi 200 ya aina hii inabana hewa kama mara tisa. Maana yake pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na hedi ni kama mililita 25. Kijiko cha mezani ni mililita 15. Kwa hiyo vijiko viwili tu vya maji vikiwa pale juu, nafasi imejaa na kuzidi. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni inapanda na valvu zote zimefungwa, inakutana na kitu kigumu kama jiwe. Kitu kinachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki.

Ule mlio wa "ngk" aliousikia kijana ndio huo, pistoni imegonga maji ikasimama. Habari njema ni kwamba stata peke yake, hasa na betri iliyolowa, mara nyingi haina nguvu ya kupinda konrodi, inagoma tu. Ila ukisukuma kwa gia ya pili na uzito wa kwadi na watu wanne, hapo nguvu ni nyingine kabisa.

Fanya hivi usiku huu, na fanya polepole. Funga koki ya petroli. Toa ufunguo. Chomoa waya hasi wa betri. Ukimaliza hayo niambie, nipo.

Jembe la Bonde · Jumapili, saa 12:40 jioni

Tayari fundi. Koki imefungwa, betri nimeichomoa yote nikaiweka ndani.

FundiSpana · Jumapili, saa 12:52 jioni

Vizuri. Sasa inua mbele. Ekzosi yako iko nyuma, kwa hiyo ukiinua pua juu ya gogo au kingo ya mfereji, maji ya kwenye ekzosi yatashuka yenyewe yasirudi kwenye valvu. Acha hivyo dakika kumi.

Wakati inachuruzika fungua kiti, fungua boksi la eya klina, yaani chujio la hewa. Utakuta maji humo, na kama ni kijito cha masika utakuta na mchanga laini. Toa sponji. Chini ya lile boksi kuna kimpira chenye kizibo, kifungue. Pangusa ndani kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke safi, maana mchanga ukibaki pale kesho utanyonywa na kabureta moja kwa moja hadi kwenye ringi za pistoni.

Halafu toa plagi. Kabla ya kuichomoa puliza au safisha kuzunguka pale, tope lisidondoke ndani.

Sasa hii ndiyo sehemu yenyewe. Usitumie stata. Weka gia ya tano, inua nyuma magurudumu yaelee, halafu zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Gurudumu litazungusha kranki, pistoni itapanda na kushuka, maji yatatoka kwenye tundu la plagi. Usiweke uso karibu na tundu.

Jembe la Bonde · Jumapili, saa 1:47 usiku

Fundi, mungu akubariki. Nilipozungusha gurudumu nusu mzunguko tu yaliruka maji mengi, ya rangi ya udongo, yakafika hadi kwenye tangi. Nimezungusha mara kama thelathini. Mwanzo yalikuwa yanaruka, baadaye yakawa matone, sasa inatoa pumzi tu yenye ukungu. Gurudumu linazunguka laini, hakuna mahali linapokwama.

Nimeweka kidole kwenye tundu la plagi nikilizungusha gurudumu, naisikia inasukuma kidole. Hiyo ni dalili nzuri?

FundiSpana · Jumapili, saa 1:55 usiku

Ni dalili nzuri sana. Kompresheni ipo, na kutokwama ni ishara kwamba haikupinda vibaya. Tutaipima sawasawa baadaye.

Sasa mwaga oili. Usiinamishe wala kuitikisa kabla. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yametulia chini. Fungua nati taratibu, yatatangulia maji yenyewe, kisha ile chai ya maziwa, kisha oili. Injini yako ya aina hii pale kwenye nati kubwa ya chini kuna springi na chujio la wavu. Vitoe, vioshe kwa petroli, angalia kama kuna vipande vya chuma.

Mwambao_Paje · Jumapili, saa 2:03 usiku

Nasoma uzi huu nipo Paje, Unguja. Mie nafanya kazi ya kutunza kwadi za watalii, na haya tunayapata. Wageni wanapita ufukweni maji yameshuka, wanasahau kama siku za bamvua, maji makubwa, yakirudi yanarudi kwa kasi. Ndugu yangu shukuru umezama mtoni. Maji ya chumvi ni mambo mengine.

Kwetu sisi tukiitoa baharini kitu cha kwanza ni maji matamu, mengi, ndani na nje. Na sio ya kisima, maana visima vingi vya huku pwani navyo vina chumvichumvi, tunatumia ya tangi la mvua. Tunamimina hadi ndani ya boksi la hewa na kwenye kabureta. Mtu anaona kama wazimu kuitia maji injini iliyokwishameza maji, lakini chumvi ikikauka mule inakula aluminiamu ya kabureta, inakula pini za soketi za waya, na baada ya wiki mbili taa haziwaki na hujui kwa nini.

Jengine, kama hutoweza kuifungua siku ileile, ijaze oili au dizeli silinda nzima mpaka juu uifunge. Kutu inataka maji na hewa pamoja. Ukiinyima hewa inasubiri.

Bonde Kavu · Jumapili, saa 2:10 usiku

Mimi nilidhani ukiacha wazi juani siku tatu inakauka yenyewe?

FundiSpana · Jumapili, saa 2:16 usiku

Nje itakauka. Ndani ya silinda hakuna jua. Silinda ya injini hizi ndani yake ni chuma, na ringi ni chuma, vimekaa vimegusana na maji katikati. Asubuhi tu unakuta mstari wa kahawia pale ringi ilipolala. Siku tatu ringi imeshikana na ukuta, ukizungusha inachana. Ndiyo maana nimemkesha huyu ndugu yetu.

Mwambao_Paje nakazia uliyosema, yote.

Jembe la Bonde · Jumapili, saa 2:40 usiku

Oili nimemwaga. Ilitoka kama ulivyosema, maji karibu kikombe kizima yametangulia. Kwenye wavu hakuna chuma, kuna tope laini kama uji wa ulezi. Nina dizeli lita tano hapa. Nimesikia watu wanasuuza nayo. Niimimine niwashe?

Dereva wa Naivasha · Jumapili, saa 2:44 usiku

Hapana kaka, usiwashe na dizeli ndani. Huku Naivasha tuko na kwadi za kuzungusha wageni, kuna jamaa aliiwasha na dizeli ndio eti isafike haraka. Dizeli ni nyepesi sana kwa injini ndogo ya upepo, inapata joto bila kinga. Na klachi yako inaogelea kwenye hiyo hiyo oili ya injini, si kama ya gari.

FundiSpana · Jumapili, saa 2:51 usiku

Yuko sahihi. Dizeli ni ya kuogea, siyo ya kutembelea. Mimina lita moja, plagi ikiwa nje, zungusha gurudumu kwa mkono tena mara hamsini huku ukipitisha gia zote, halafu mwaga yote, acha nati wazi usiku kucha kuwe na chombo chini. Ndani ya tundu la plagi tia kijiko kimoja cha oili safi, zungusha mara chache ipake ukuta. Ziba tundu kwa kitambaa safi. Ukishafanya hivyo ulale. Kesho ni kabureta na umeme.

Jembe la Bonde · Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Mrejesho. Dizeli ilitoka ya kahawia nzito. Nikarudia lita nyingine alfajiri, hiyo ilitoka karibu safi.

Kabureta nimelegeza skrubu ya chini ya bakuli, nikakinga kwenye glasi ili nione kwa macho. Juu petroli, chini maji, katikati mstari mnyoofu kabisa, kama umechorwa kwa rula. Nikafungua bakuli lenyewe, kuna punje za mchanga chini, tatu zimekaa karibu na jeti. Nimepuliza kwa pampu ya baiskeli maana kompresa sina.

Tangi nimekinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nalo lina maji, kama vidole viwili kwenye chupa ya lita moja na nusu. Nilidhani tangi halikuingia kitu kwa sababu kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Mwambao_Paje · Jumatatu, saa 4:22 asubuhi

Kifuniko kina tundu la kupumulia, na tangi lililokuwa na joto likiingia maji baridi linanyonya. Mwaga yote, usiihurumie petroli. Wengi husafisha kabureta vizuri halafu wanafungulia koki na maji yaleyale yanashuka tena. Hapo mtu anasema fundi kashindwa kazi.

Dereva wa Naivasha · Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Hiyo ya kunyonya ndiyo inaua difu, zile gia za eksili, za hizi kubwa za foo-bai-foo zinazovuta magurudumu yote manne. Difu imetembea, iko moto, ukiingia mto inapoa mara moja, hewa ya ndani inajikunja, na kile kimpira cha kupumulia kinavuta maji. Unatoka mtoni unaendelea na safari, injini iko sawa, kumbe difu imejaa maziwa. Sisi tukivuka maji marefu tunafungua oili ya difu ya mbele na ya nyuma hata kama hakuna kitu kilizima. Na vile vimpira tumevipandisha hadi karibu na usukani.

Yako ni ya mnyororo kwa hivyo difu hakuna, lakini ile nyumba ya beringi ya eksili ya nyuma angalia. Maji yakikaa na grisi humo beringi inaanza kulia baada ya mwezi.

FundiSpana · Jumatatu, saa 4:48 asubuhi

Sasa umeme. Chomoa kila soketi unayoiona: CDI (kile kiboksi kinachoongoza cheche ya plagi), koili, relei ya stata, rektifaya, swichi za usukani, na ile waya inayotoka kwenye magneti. Moja moja, ili usichanganye. Puliza, kausha kwa kitambaa, ziache kivulini penye upepo saa kadhaa. Usitumie jiko wala moto karibu, kuna petroli hapo. Ukirudisha paka grisi ya silikoni kidogo kama unayo, kama huna rudisha kavu.

Fungua na kifuniko cha magneti upande wa kushoto. Kama ndani kuna maji, yatoe. Mara nyingi watu wanasahau pale.

Plagi nunua mpya, hizi za D8 zinapatikana duka lolote la vipuri vya bodaboda, pengo weka milimita 0.6 hadi 0.7. Hilo ndilo jema la injini yako, ni ndugu wa damu na injini za pikipiki za Kichina zilizojaa vijijini. Gasketi, jeti, chujio, hata ringi, huhitaji kuagiza mbali.

Jembe la Bonde · Jumatatu, saa 11:35 jioni

Wakuu nimekwama. Kila kitu kimekauka, betri imechajiwa, oili mpya lita moja ipo ndani. Plagi bado iko nje kama ulivyosema, nilitaka kwanza stata izungushe injini tupu. Nabonyeza, kimya. Hata "tik" hakuna. Taa za mbele zinawaka vizuri. Naogopa stata imekufa.

FundiSpana · Jumatatu, saa 11:41 jioni

Taa ya N inawaka?

Jembe la Bonde · Jumatatu, saa 11:44 jioni

Haiwaki. Na nina hakika iko nyutro, naisukuma kwa mkono inakwenda.

FundiSpana · Jumatatu, saa 11:47 jioni

Basi stata haijafa. Kwadi nyingi hazikubali kuwaka mpaka ziwe na uhakika ziko nyutro. Swichi ya nyutro iko kwenye injini upande wa mnyororo, karibu na sproketi ndogo, na ndipo tope lote linapokwenda. Fungua kifuniko cha sproketi, tafuta waya mwembamba uliokaa kwenye skrubu au kisoketi kidogo.

Jembe la Bonde · Jumatatu, saa 12:20 jioni

Umeiona ukiwa huko huko! Pale palikuwa na donge la udongo kama ngumi. Waya umechomoka kidogo na kichwa chake kimeota kijani. Nimekwangua kwa msasa, nimerudisha, taa ya N imewaka. Stata inazungusha vizuri kabisa, tundu la plagi linatoa ukungu wa oili tu.

FundiSpana · Jumatatu, saa 12:24 jioni

Safi. Neno moja la usalama kwa wote wanaosoma: unapozungusha stata plagi ikiwa nje, usiache kofia ya plagi inaning'inia. Ivalishe plagi, na chuma cha plagi kiguse bodi ya injini mbali na tundu. Cheche ikiruka karibu na tundu linalotema petroli kuna moto, na cheche isiyokuwa na pa kwenda inaweza kuua CDI.

Sasa kabla hujaiwasha, una njia ya kupima kompresheni?

Jembe la Bonde · Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Jirani yangu fundi baiskeli ana geji ya kuazima kwa mtu wa bodaboda. Nimeipata asubuhi hii. Niambie niangalie namba gani.

FundiSpana · Jumanne, saa 3:12 asubuhi

Usitafute namba ya kitabu, geji zetu hizi kila moja ina ukweli wake. Tafuta bodaboda yenye injini ya aina hiyo hiyo iliyo nzima, pima kwa geji hiyo hiyo, kabureta ikiwa wazi kabisa, stata sekunde tano. Kisha pima yako. Konrodi ikiwa imepinda inakuwa fupi, pistoni haifiki juu ilipokuwa ikifika, na kompresheni inashuka. Zikikaribiana, uko salama.

Jembe la Bonde · Jumanne, saa 4:40 asubuhi

Boda 150. Kwadi 145.

FundiSpana · Jumanne, saa 4:42 asubuhi

Washa.

Jembe la Bonde · Jumanne, saa 5:30 asubuhi

Imewaka wakuu. Mara ya tatu. Ilipiga chafya mbili kwenye kabureta, ikatoa moshi mweupe mzito kwenye ekzosi na harufu ya mvuke, halafu ikashika. Kijana alikuwa amesimama pale amenyamaza tangu asubuhi, ilipounguruma akakaa chini akaziba uso. Siku mbili hizi amejilaumu sana na mimi sikumwambia neno kali hata moja, kwa sababu njia ile nimempitisha mwenyewe.

Nimeiacha iungurume kwa silensa, taratibu, dakika nne bila kukanyaga mafuta, nikazima, nikachungulia kijiti. Oili imekuwa nyeupe tena, si kama mwanzo ila ni maziwa. Nimeogopa, maji yanatoka wapi?

FundiSpana · Jumanne, saa 5:38 asubuhi

Usiogope. Ni yaliyobaki kwenye pembe, kwenye klachi, kwenye njia za oili, yale ambayo dizeli haikuyafikia. Injini yako haina rejeta, kwa hiyo hakuna mahali pengine maji yanaweza kutoka. Mwaga ikiwa bado ya moto. Tia oili nyingine ya bei rahisi, dakika tano, mwaga. Rudia mpaka itoke na rangi yake. Kwa kawaida ni mara mbili au tatu. Oili ya bei rahisi kwa kusuuza haina ubaya, ya mwisho ndiyo uweke nzuri.

Usishawishike kuipeleka shamba ukiwa kwenye maziwa. Oili yenye maji haishiki chuma, beringi ya konrodi ndiyo inayolipa.

Mjukuu wa Unguja, Muscat · Jumanne, saa 6:15 mchana

Asalaam aleikum. Nafuatilia uzi huu kutoka Oman. Huku watu wanajua kwadi ni ya mchanga tu, lakini wadi, ile mito mikavu, zikishuka mvua ikinyesha milimani maji yanakuja na hakuna wingu juu yako. Mjomba wangu ilimkuta. Yake ya otomatiki, ya mkanda, na hilo hamjalitaja. Kwa wenye otomatiki: ule mfuniko mkubwa wa mkanda ubavuni nao unajaa maji. Chini yake kuna kizibo cha kumwagia. Ukiuacha na maji injini itawaka vizuri, utavuta mafuta, itanguruma na haiendi, mkanda unateleza. Tulifungua, tukaukausha, tukapangusa na zile puli mbili, ikarudi.

FundiSpana · Jumanne, saa 6:22 mchana

Wa aleikum salaam ndugu. Ahsante sana, hilo ni la muhimu. Na mkanda usipakwe grisi wala oili ya aina yoyote, kukauka tu.

Jembe la Bonde · Jumatano, saa 2:50 asubuhi

Oili ya tatu imetoka kama oili. Nimeikinga kwenye chupa ya kioo nikaiacha usiku kucha, asubuhi hakuna mstari wa maji chini. Nimetia ile nzuri. Breki za nyuma za ngoma nilifungua, tope tupu, nimeosha na kukausha. Beringi za eksili nimetoa sili, grisi ilikuwa ya kijivu yenye maji, nimeitoa yote nikajaza mpya. Sili moja imechanika, nimeifunga hivyo hivyo nikisubiri nyingine.

Jana jioni nimeiendesha kilomita mbili tambarare. Ikifika mwendo wa kati inakata kidogo halafu inashika.

Mwambao_Paje · Jumatano, saa 3:01 asubuhi

Sponji ya eya klina umekausha vyema? Ikiwa na unyevu inakosa pumzi. Ioshe kwa sabuni, usiikamue kwa kuisokota itachanika, ibonyeze. Ikikauka kabisa ipake oili kidogo uibonyeze itoke ya ziada.

Jembe la Bonde · Jumatano, saa 10:20 jioni

Ilikuwa hiyo. Katikati ya sponji bado kulikuwa na maji ingawa nje ilikauka. Sasa inakwenda bila kukata.

Mzee wa Gia · Jumatano, saa 10:34 jioni

Jembe la Bonde, naomba radhi kwa ushauri wangu wa Jumapili. Ungenisikiliza ungekuwa unatafuta konrodi sasa hivi. FundiSpana nimejifunza, ile hesabu ya vijiko viwili nimewaeleza vijana wote kijiweni.

Jembe la Bonde · Jumatano, saa 10:40 jioni

Hakuna neno kaka, ulisema kwa nia njema. Tuko pamoja.

Shangazi Mlimba · Jumatano, saa 10:58 jioni

Na pale kwenye kijito umefanya nini? Maana mvua bado zipo.

Jembe la Bonde · Jumapili ya wiki ya tatu, saa 1:30 usiku

Shangazi nimechelewa kukujibu, nilitaka kwanza nifanye ndipo niseme.

Kwadi imefanya kazi wiki tatu, oili nimeibadilisha tena baada ya siku saba, ilitoka safi. Sili ya eksili nimepata Ifakara kwenye duka la vipuri vya boda, vipimo vilivyoandikwa pembeni vililingana. Boksi la hewa nimehamisha mdomo wake juu kwa bomba la plastiki hadi chini ya usukani, na mpira wa kupumulia wa kabureta nimeupandisha pamoja nao.

Kijitoni nimechimbia nguzo mbili, moja kila upande, na nyingine katikati pale palipochimbika. Nimepima kutoka ardhini hadi kitovu cha gurudumu, sentimita 28, nikapaka rangi nyekundu kimo hicho kwenye ile ya katikati. Maji yakiwa chini ya rangi, unavuka kwa gia ya kwanza bila kusimama. Yakifika kwenye rangi, hakuna kuvuka.

Leo asubuhi yalikuwa juu ya rangi kiganja kizima. Kijana aliangalia, akageuza mwenyewe bila kunipigia simu. Mifuko minne ya mbolea imevuka kwa mtumbwi, na kwadi imebaki ng'ambo hii chini ya mwembe.